Pimamaji Ambayo Sikuigeuza

Vijana wa ofisi, mliniomba niwaandikie kurasa chache kabla sijasahau, mziweke kwenye faili pamoja na ramani za zamani. Nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Siku ya kuniaga mlinipa kalamu nzuri na blanketi, kana kwamba mtu akistaafu anaanza kusikia baridi siku hiyo hiyo. Blanketi amelichukua mke wangu. Kalamu ndiyo hii.

Habari za vyeo na uhamisho mtazikuta kwenye makaratasi yangu mkitaka. Mimi nitaanza na hadithi ambayo wote mnaijua. Kila mwaka nilipowafundisha wageni kupima mteremko, niliwasimulia juu ya afisa mmoja wa wilaya ya mbali aliyeangusha pimamaji kwenye jiwe, akaendelea na kazi bila kuikagua, akawachimbisha akina mama mtaro unaotaka maji yapande mlima. Mlicheka sana. Niliisimulia mara nyingi hata nikajua mahali pa kunyamaza kidogo ili mcheke vizuri zaidi. Afisa huyo hakuwa wa wilaya ya mbali. Alikuwa mimi, na mtaro ulikuwa hapa hapa chini ya Kikima, upande unaoteremka kuelekea Mukuyuni. Naona aibu kuandika hivyo, na nitaona aibu zaidi kabla sijamaliza, kwa sababu kuanguka kwa pimamaji ndiko kudogo katika mambo yote niliyofanya.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru, nikitoka kwetu Kitui na cheti kimoja na viatu vilivyonibana. Nilikabidhiwa kwa Mzee Nzioka, msimamizi wa mitaro katika milima ya Mbooni. Alikuwa mfupi, mkavu, na alikuwa amechimba matuta tangu enzi za mkoloni, wakati watu walilazimishwa kuyachimba na waliokataa walijua watakachopata. Uhuru ulipokuja wengi waliyaacha matuta yale yabomoke, kwa hasira tu, na mvua ikapata nafasi yake. Mzee Nzioka hakuwalaumu. Alisema mtu akipigwa kwa sababu ya kitu kizuri, atakichukia hicho kitu kwanza, kisha ndipo aanze kufikiri.

Siku ya kwanza hakunipa jembe wala daftari. Alinipeleka mahali barabara ilipokatwa ubavuni mwa mlima, akaniambia nitazame ukuta wa udongo kuanzia juu hadi chini. Juu kulikuwa na mkanda mweusi wenye mizizi. Chini yake udongo mwekundu, kisha mwekundu wenye changarawe, na chini kabisa mwamba mweupe wenye madoa ya kahawia. Alichomoa kipande cha ule mwamba akaniwekea mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ni jiwe, mzee."

"Finya."

Nilifinya, likasagika kama mkate mkavu.

"Hiyo ni jiwe imechoka," alisema. "Jua inachoma, usiku inapoa, maji inaingia kwa nyufa, mizizi inasukuma. Pole pole inakuwa mchanga, inakuwa udongo. Babu ya babu yako hakuona ikianza. Na wewe hutaona ikiisha. Sasa pima hiyo nyeusi ya juu."

Nilipima kwa mkono. Haikufika shubiri moja.

"Hiyo ndiyo watu wanakula," alisema. "Hiyo ingine yote ni ya kushikilia hiyo. Na mvua moja mbaya inabeba yote mpaka Mto Athi. Umeelewa kazi yako?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na katika umri huo mtu huelewa kila kitu.

Alinifundisha kusoma shamba kabla ya kuongea na mwenyewe, na hilo nawasihi mlishike. Mkiingia bomani kwa mtu, msimwulize kama udongo wake unakwenda. Tazameni ukuta wa nyumba: matone ya mvua yakipiga ardhi tupu hurusha tope, na ukuta huwa mwekundu hadi magotini. Tazameni vijiwe vidogo vilivyosimama juu ya vinguzo vya udongo, kila kimoja kama kimevaa kofia. Pale palipofunikwa na jiwe udongo umebaki, pembeni umeondoka. Tazameni mizizi ya mti wa mpakani. Mti haujiinui kutoka ardhini. Mkiona mizizi yake iko wazi, ardhi ndiyo imeshuka.

Kisha akanifundisha pimamaji. Nyinyi mna vifaa vya kisasa, lakini bado mnaitumia, kwa hiyo sitaieleza sana. Ni kile kichupa kidogo chenye kipovu ndani, kinachoning'inizwa katikati ya kamba ya mita kumi. Watu wawili wanashika miti miwili, kamba imefungwa kila upande. Mtaro wa kukinga maji lazima ushuke kidogo, si sana, maji yatembee bila kukimbia. Kwa hiyo kwenye mti wa upande wa kushuka tunafunga kamba juu zaidi, upana wa vidole vitatu. Kipovu kikikaa kati, unapiga kigingi, unasonga mbele.

"Na kila asubuhi," alisema Mzee Nzioka, "na kila ikianguka, unaigeuza. Upande wa kulia unakuwa kushoto. Kipovu ikirudi kati, iko sawa. Ikikataa, hiyo ni muongo, tupa." Akanitazama. "Muongo wa hii kazi hageuki geuki. Anadanganya upande mmoja kila mara. Kwa hivyo huwezi kumjua kwa macho."

Ni kazi ya dakika moja.

Kazi yenyewe ilifanywa na mwethya, yaani majirani wanaokusanyika kusaidiana kwa zamu, leo shambani kwako, wiki ijayo kwangu. Wengi wao walikuwa akina mama, maana wanaume walikuwa Mombasa na Nairobi wakitafuta riziki. Mwethya una sheria zake na hauhitaji afisa kuzisimamia. Kila mtu hupimiwa kipande chake, na kipande kikiharibika kila mtu anajua ni cha nani. Mwenye kosa kubwa hurukwa zamu: wenzake hawaji kwake mpaka wamsamehe. Huko milimani, ambako mkono mmoja hauwezi kumaliza hata tuta moja kabla ya mvua, kurukwa zamu si mchezo.

Mwaka ninaouzungumzia, nilipokuwa na uzoefu wa kutosha kuachwa peke yangu, tulipewa mtaro mrefu wa kukinga maji juu ya mashamba ya kijiji kizima. Ulipaswa kuyapokea maji ya mlimani na kuyapeleka kando, kwenye mwamba mtupu, ambako hayana cha kubeba. Nilianza kupima asubuhi kutoka mwanzo wa mtaro. Mti wa pili aliushika mama mmoja aitwaye Mbithe, ambaye kila mtu alimwita Mama Mutheu kwa jina la binti yake. Mumewe alikuwa bandarini Mombasa na alikuja Krismasi. Shamba lake lilikuwa katikati, chini kidogo ya mstari wetu.

Tulipofika kigingi cha kumi na nane nilifungua pimamaji ili ninyooshe kamba iliyojisokota. Ikaniponyoka, ikagonga jiwe. Niliiokota nikaipangusa kwa shati. Haikuwa na ufa. Akina mama kama thelathini walikuwa wameketi juu ya nyasi wakinitazama, na sikutaka waone Bwana Shamba, kama walivyoniita, akikagua chombo chake kama mtu asiyekiamini. Nikaining'iniza tena, tukaendelea. Mbithe aliitazama ile pimamaji, akanitazama mimi, akashika mti wake.

Walichimba wiki nne. Kipande cha Mbithe kilikuwa pale pale kwenye kigingi cha kumi na nane, kwa kuwa kila mtu alipenda kuchimba karibu na kwake. Siku moja nilipopita aliniita. Alikuwa amesimama ndani ya mtaro na kibuyu cha maji ya kunywa.

"Bwana Shamba, hebu angalia." Akamimina maji kidogo kwenye sakafu ya mtaro, upande wa mbele wa kipande chake, unaoelekea kwenye mwamba. Maji yalisita, kisha yakarudi nyuma kwenye miguu yake.

"Hii maji inakuja kwangu," alisema.

"Mama Mutheu, hapo hapajalainishwa bado," nilimjibu. "Maji ya kibuyu si mvua. Wewe fuata kigingi tu. Kigingi kimepimwa."

Wenzake walicheka, nami nikacheka nao. Lakini nawaambia ukweli. Nilijua wakati ule ule ni nini ningepaswa kufanya. Ningetoa pimamaji mfukoni, niigeuze mbele yao, na kama ni mbovu niwaambie akina mama thelathini kwamba nusu ya jasho lao la wiki tatu ilikuwa bure. Sikuitoa mfukoni. Nilijiambia nitaikagua jioni. Jioni nilijiambia kesho.

Mvua za Novemba zilikuja kwa nguvu. Asubuhi baada ya ile kubwa nilipanda mlimani nikakuta watu wamesimama kando ya mtaro. Nusu ya kwanza ya mtaro ilikuwa imeshuka vizuri kama ilivyopimwa. Nusu ya pili ilikuwa ikipanda, kidogo tu, jicho lisingeona. Maji ya mlima mzima yalikutana kwenye kigingi cha kumi na nane, yakajaa, yakavunja ukingo, yakaingia kwa Mbithe. Mahindi na maharagwe yake hayakuwapo. Mahali pake palikuwa na korongo la kina cha kiuno, na kwenye kuta zake niliona mkanda mweusi, kisha mwekundu, kisha changarawe, na chini kabisa lile jiwe jeupe lililochoka. Kilichochukua miaka isiyohesabika kutengenezwa kilikuwa kimeondoka kati ya usiku na asubuhi.

Nilijitenga nyuma ya kichaka kama mtu anayekwenda haja. Nikafunga kamba kati ya vijiti viwili, nikaweka kipovu kati, nikaigeuza pimamaji. Kipovu kilikwenda pembeni kikakaa huko.

Mkubwa wangu alitaka ripoti kabla ya Ijumaa. Niliandika kwamba katika sehemu ya katikati wachimbaji hawakufuata vigingi. Sentensi moja. Sikutaja jina la mtu, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Lakini naibu wa chifu alipoisoma ripoti kwenye baraza hakuhitaji jina. Kila mtu alijua sehemu ya katikati ni kipande cha nani.

Mbithe alisimama. Hakupaza sauti. "Nilichimba kwa kigingi," alisema. "Bwana Shamba yuko hapa. Aseme."

Watu wote walinigeukia. Nikainamisha kichwa nikafungua daftari langu, nikaanza kutafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwamo. Niliendelea kufungua kurasa mpaka naibu wa chifu akasema tuendelee na jambo lingine.

Mwethya ulimruka zamu. Msimu wa kwanza, kisha wa pili. Mashamba ya jirani zake yalipata matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo hurushwa upande wa juu ukawa ukuta, na mwaka baada ya mwaka shamba likajisawazisha lenyewe. Shamba lake halikupata. Korongo lilipanuka kila mvua, kingo zikidondoka mabonge makubwa, hata njia ya kutoka jikoni kwake kwenda kwa shemeji yake ikakatika, ikabidi azunguke. Nilimwona peke yake akijenga vizuizi vya mawe ndani ya korongo na kupanda mkonge kingoni. Nilipita mbali.

Mzee Nzioka aliniita akaomba kuiona pimamaji. Nilimpa nyingine, nzima, niliyokuwa nimeichukua stoo.

"Siku ile, uligeuza?"

"Niligeuza, mzee."

Aliishika muda. Angeweza kuipima pale pale, na angekuta haina kosa, na pengine angeuliza ilikuwaje mpya hivyo. Hakuipima. Alinirudishia akasema, "Basi kosa ni ya watu." Alistaafu mwaka uliofuata na akafa akiamini neno langu. Nimeumia kwa mengi katika kazi hii, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Baada ya hapo nilipelekwa Kitui, nikafanya kazi ya mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu, ambako tulizuia mchanga ili maji yajifiche ndani yake. Nilikuwa afisa mwangalifu. Wakubwa walinisifu kwa kukagua vifaa. Niliporudi upande wa Makueni nilikuwa mimi ndiye wa kufundisha wengine, na ndipo nilipomtunga yule afisa wa wilaya ya mbali. Nilidhani namtumia kuwaonya. Sasa naona nilikuwa nikijiondolea mzigo kidogo kidogo, na kuwaachia nyinyi kicheko.

Wiki ya pili baada ya kuniaga nilipanda kwa Mbithe. Sikuwa na gari la ofisi tena, na viungo vyangu viliona tofauti. Nilimkuta akichambua maharagwe. Amezeeka, lakini alinitambua kabla sijafika mlangoni. Korongo lipo. Ndani yake, nyuma ya kila kizuizi cha mawe, tope limejikusanya miaka yote ile, naye amepanda migomba na nduma. Alifanya peke yake kile ambacho mimi nilikuwa nikilipwa kukifanya. Ukingoni bado unaona ile mikanda yote, na mkanda mweusi ni mwembamba kuliko kidole.

Nilimwambia yote: jiwe, kichaka, ripoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu.

"Niliona ikianguka," alisema. "Mimi ndiye nilishika mti."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Karatasi ilikuwa yako." Aliendelea kuchambua. "Hata leo unakuja kuniambia mimi. Mimi najua. Sikurukwa zamu hapa jikoni. Nilirukwa mbele ya watu."

Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Mwethya inakutana Jumatano, pale kanisani. Wewe unajua njia."

Jumatano nilikwenda. Wengi wa wale akina mama wametangulia mbele ya haki. Waliobaki walikuwa wanne, na wengine wote ni mabinti na wakaza wana wao. Mwenyekiti ni mama wa makamo aitwaye Ndunge. Nilisimama nikasema nilichopaswa kusema kwenye baraza lile. Sikutaja wilaya ya mbali. Nilipomaliza hakuna aliyenipa pole, na sikustahili. Wale wanne walimgeukia Mbithe, aliyekuwa ameketi nyuma. Mmoja alisema, "Aiya, Mbithe," basi, kisha akafunika mdomo kwa leso.

Ndunge alifungua daftari la zamu. "Kama alirukwa bila kosa," alisema, "zamu yake iko. Tunaanza na yeye wiki ijayo." Akanigeukia. "Na wewe mzee, jembe unayo?"

Nilikuwa nalo. Wiki iliyofuata tuliteremka shambani kwake watu ishirini na zaidi, kuchimba fanya juu ambayo ilipaswa kuchimbwa nikiwa kijana. Kijana wenu mmoja alikuja kupima, mnamjua, na kabla ya kuanza aliigeuza pimamaji mbele ya watu wote, polepole, bila haya. Nilipimiwa kipande kama kila mtu. Kilikuwa kipande cha pili kutoka kwenye korongo. Kufikia saa sita mikono ilikuwa imetoka malengelenge na nilikuwa nyuma ya kila mtu, na wale mabinti walinitania kwamba serikali ilikuwa imenihifadhi kwenye kabati.

Nilipomaliza Mbithe alikuja na kibuyu. Hakuniuliza kama nilifuata kigingi. Aliingia kwenye kipande changu, akamimina maji kidogo sakafuni, akainama kutazama yanakwenda wapi. Nami nikasimama kando na jembe langu, kofia mkononi, nikingoja.